BWANA SHAMBA AZUNGUMZA: Gari la Safari Halichaguliwi kwa Rangi

Kila mwezi katika ukurasa huu tunazungumza habari za shamba. Tumezungumza juu ya mbegu, palizi, dawa za pamba na majosho ya ng'ombe. Mwezi huu nimepata barua ya namna nyingine. Imetoka kwa wakulima watatu wa kijiji kimoja katika Wilaya ya Magu. Wameuza pamba yao. Kwa misimu minne kila mmoja ameweka akiba kidogo kidogo. Sasa wanataka kununua chombo cha kusafiria cha bei nafuu. Wanataka kulizunguka Ziwa Victoria lote. Watapita Kenya na Uganda, kisha warudi nyumbani kwa upande wa Bukoba.

Wanaeleza sababu yao kwa maneno machache. Wanasema: "Tumezaliwa kando ya ziwa hili. Tumekunywa maji yake na kula samaki wake. Lakini hatujapata kuiona ng'ambo yake."

Hata hivyo, ndugu hawa hawakubaliani juu ya chombo. Wa kwanza anataka gari kubwa linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wa pili anataka pikipiki. Wa tatu anataka gari dogo la kawaida. Wananiuliza: "Bwana Shamba, wewe unasemaje?"

Huenda wako watakaosema kwamba safari ya namna hii ni anasa. Mimi sisemi hivyo. Mkulima naye ana haki ya kuiona dunia. Lakini fedha ya pamba ni jasho la nyumba nzima. Mke amepalilia, watoto wamechuma. Fedha hiyo ikipotea barabarani, hairudi mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo nimeona barua hii nisiijibu kwa faragha. Naijibu hapa, ili wengine pia wapate kujifunza.

Tena ninayo sababu ya pili. Safari hiyo mimi niliwahi kuianza, na sikuimaliza.

TULIVYOPOTEZA NG'OMBE WANNE

Mwaka 2011 mimi na kaka yangu mkubwa tulitaka kufanya safari hii hii. Kaka aliuza ng'ombe wanne. Mimi nikatoa akiba ya mshahara wangu. Tukanunua gari la zamani, kubwa, la magurudumu manne. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijani. Liling'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Watu wa mtaani walikuja kulitazama. Kaka alilizunguka mara tatu, akalipigapiga ubavuni kwa kiganja, akasema, "Hili ni gari la wanaume."

Hatukuinama kutazama chini yake. Hatukumwita fundi. Fedha yote iliishia kwenye bei. Ikabaki ya mafuta na chakula tu.

Tulivuka kwa kivuko kutoka Kigongo mpaka Busisi, tukashika njia ya Geita. Tulipopita Biharamulo, gari lilianza kulia upande wa nyuma. Tuliposimama tukaona chasisi imepasuka. Chasisi ni ile mifupa ya chuma iliyo chini ya gari. Ilikuwa imeliwa na kutu, na juu ya kutu walikuwa wamepaka lami nyeusi. Fundi wa kuchomelea akaiunga. Siku ya pili ikaharibika giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma. Fundi aliifungua, akaitazama, akajikuna kichwa. Alisema kifaa chake hakipo pale, wala hakipo Bukoba. Labda Mwanza. Tukapiga simu Mwanza. Wakasema labda Dar es Salaam.

Tulikaa siku sita. Fedha ikaisha. Gari tuliliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nasi tukarudi nyumbani kwa basi. Njia nzima kaka hakunilaumu hata kwa neno moja. Lakini mpaka leo, akiona ramani katika kitabu cha mtoto wake wa shule, huweka kidole juu ya Kisumu.

Ndugu msomaji, tungekuwa tunanunua maksai wa kulimia tusingefanya kosa lile. Mkulima hachagui maksai kwa rangi ya ngozi wala kwa urefu wa pembe. Hutazama meno ili ajue umri. Hutazama kwato. Humtembeza aone kama anachechemea. Mwisho huuliza: je, nitaweza kumlisha? Gari nalo ni hivyo hivyo.

KWANZA ITAZAME NJIA

Kabla ya kuchagua chombo, ijue njia. Jembe la udongo wa mfinyanzi si jembe la mchanga.

Safari ya kulizunguka ziwa ni kiasi cha kilometa 1,500. Kutoka Mwanza unapita Magu, Bunda na njia panda ya Musoma, kisha Tarime mpaka mpaka wa Sirari. Unaingia Kenya, unapita Migori na Kisii mpaka Kisumu. Kutoka Kisumu unapita Maseno, na hapo unavuka mstari wa Ikweta. Unafika mpaka wa Busia na kuingia Uganda. Mjini Jinja utaona Mto Nile unavyotoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Misri. Unapita Kampala. Kabla ya kufika Masaka unavuka Ikweta mara ya pili. Kisha unarudi Tanzania kwa mpaka wa Mutukula. Unavuka Mto Kagera kwenye daraja la Kyaka, pale ambapo daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Halafu Bukoba, Biharamulo, Geita na Mwanza. Siku hizi huhitaji kusubiri kivuko cha Busisi. Daraja refu la kilometa 3 hivi, linaloitwa Daraja la J. P. Magufuli, lilifunguliwa mwaka 2025.

Barabara hiyo karibu yote ni ya lami. Katika nchi zote tatu magari hupita upande wa kushoto. Basi, jiulize: gari la magurudumu manne litafanya kazi gani pale? Nguvu yake ni ya matope na mchanga. Kwenye lami nguvu hiyo ni mzigo unaobebwa bure. Kama ndugu hawa wangetaka kwenda mbugani wakati wa masika, jibu langu lingekuwa jingine.

TUFANYE HESABU

Sasa tuvipime vyombo vitatu. Chukua kalamu na karatasi. Kilometa 1,500 tuziongezee 300 za kuzunguka mijini na kupotea njia. Jumla ni kilometa 1,800.

Gari kubwa la zamani la petroli, la magurudumu manne, huenda kiasi cha kilometa 6 kwa lita moja. Gawa 1,800 kwa 6. Unapata lita 300.

Gari dogo la kawaida lenye afya huenda kiasi cha kilometa 12 kwa lita moja, hata likiwa na mzigo. Gawa 1,800 kwa 12. Unapata lita 150. Ni nusu ya lile kubwa.

Pikipiki ndogo huenda kiasi cha kilometa 40 kwa lita moja. Gawa 1,800 kwa 40. Unapata lita 45. Ndugu yetu wa pili atafurahi. Lakini ngoja kwanza. Wasafiri ni watatu. Pikipiki moja haiwezi kuwabeba watatu na mizigo yao. Hiyo ni kuvunja sheria, tena ni kuitafuta ajali. Zinahitajika pikipiki tatu. Zidisha 45 kwa 3. Unapata lita 135. Umeokoa lita 15 tu, nawe umenyeshewa mvua kutoka Kisii mpaka Kampala.

Simdharau mwenye pikipiki. Kwa mtu mmoja anayesafiri peke yake, pikipiki ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote. Mwandishi mmoja Mwingereza, Ted Simon, aliizunguka dunia kwa pikipiki kuanzia mwaka 1973 mpaka 1977, na Afrika Mashariki alipita. Fundi wa pikipiki yuko karibu kila senta. Mtu mmoja, kofia ngumu, mzigo mdogo, safari za mchana tu: huyo anunue pikipiki. Lakini watu watatu wenye mfuko mmoja wanunue gari.

GARI DOGO SI GARI DHAIFU

Najua ndugu wa kwanza atauliza: "Je, gari dogo litafika?" Swali hilo ni la haki. Nami nitamjibu kwa mambo yaliyotendeka.

Mwaka 1958 vijana wawili Wafaransa, Jacques Séguéla na Jean-Claude Baudot, waliondoka kwao kwenda kuizunguka dunia. Walipanda gari dogo sana aina ya Citroën 2CV. Injini yake ilikuwa na silinda mbili tu. Haikuwa na rejeta, kwa sababu ilipozwa kwa upepo. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Walirudi kwao mwaka 1959, baada ya kwenda kiasi cha kilometa 100,000.

Hapa kwetu Afrika Mashariki yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari mwaka 1953. Njia zake zilikuwa mbaya, zenye vumbi na matope. Mwaka 1965 walioshinda ni Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, wenyeji wa Kenya. Gari lao aina ya Volvo PV544 halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Lakini Joginder alikuwa fundi, na gari lake alilijua ndani na nje.

Tena, mwaka 2003 Waingereza walianzisha safari ya kutoka mji wa Plymouth mpaka Afrika Magharibi, kupitia jangwa la Sahara. Kanuni yao ilikuwa kwamba gari lisinunuliwe kwa zaidi ya pauni 100. Magari yaliyofika yaliuzwa kwa mnada huko Gambia kwa ajili ya misaada. Walisafiri kwa vikundi na kusaidiana njiani. Walivuka jangwa kwa magari ambayo kwao yalikuwa karibu ya kutupwa.

Watu hawa wote hawakufika kwa ukubwa wa gari. Walifika kwa sababu gari lilikuwa rahisi kutengeneza, wenyewe walilifahamu, na hawakulibebesha kupita kiasi.

SWALI LA FUNDI

Sasa nasema neno langu kuu la mwezi huu. Likumbuke hilo hata ukisahau mengine yote.

Gari jema la safari ndefu ni lile ambalo fundi wa mji ujao analijua.

Gari lolote la bei nafuu litaharibika siku moja. Usijidanganye. Swali si kama litaharibika. Swali ni kwamba likiharibika, utakaa pale saa sita au siku sita?

Kwa hiyo kabla ya kununua, fanya jaribio hili. Nenda kwa fundi wa mji mdogo, si wa jiji. Mtajie aina ya gari unalolitaka. Muulize bei ya vitu vitatu: sahani ya klachi, pampu ya maji, na beringi za gurudumu. Akikutajia bei papo hapo na kukuonyesha duka kwa kidole, gari hilo ni la kufikiriwa. Akijikuna kichwa, mshukuru, ondoka. Hata kama gari linauzwa kwa bei ya mbuzi, usilinunue.

Mimi sitangazi biashara ya kampuni yoyote. Lakini mtu mwenye macho husimama kando ya barabara na kuhesabu. Kati ya Migori na Kisii utaziona Toyota Probox nyingi zimebeba abiria, ndizi na maziwa. Mwanza, Kisumu na Kampala utaziona Toyota Corolla za zamani kila mtaa. Mahali penye gari nyingi za aina moja, pana vipuri vyake vingi, vipya na vilivyotumika. Tena pana kijana aliyekwisha lifungua gari kama lako mara mia.

KULIKAGUA GARI

Ukishachagua aina, sasa ulikague gari lenyewe. Nenda na fundi unayemwamini. Mlipe kwa kazi hiyo. Asiwe rafiki wa muuzaji. Fedha utakayompa ni ndogo kuliko ng'ombe mmoja, nasi tulipoteza wanne.

Moja. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukilikuta lina joto, jiulize anaficha nini. Gari gonjwa huweza kuwaka vizuri likishapashwa moto.

Mbili. Lala chini ya gari. Usione haya kuchafua shati. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi polepole kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hulia kwa sauti nzito, kama debe lililojaa udongo. Tazama hasa pale springi zinaposhikwa. Ukiona lami au rangi mpya chini tu ya gari, kwangua uone kilichofichwa.

Tatu. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa kubwa. Lakini oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Fungua rejeta injini ikiwa bado baridi. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, acha.

Nne. Washa injini, utazame moshi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaunguzwi vizuri. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu. Lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda.

Tano. Liendeshe. Panda nalo mlima na ushuke nao. Ingiza gia zote, na ya kurudi nyuma pia. Mahali patupu achia usukani kidogo uone kama gari linavuta upande mmoja. Kanyaga breki kwa nguvu uone kama linakwenda mrama.

Sita. Soma tairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne zinazoonyesha lini lilitengenezwa. Zikiwa 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi huzeeka hata kama kashata zake bado ni nene. Likiwa na nyufa ndogo ndogo ubavuni, hesabu kwamba utanunua jingine. Tena kama tairi limelika upande mmoja tu, chini yake kuna ugonjwa.

Saba. Soma kadi ya gari. Namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma iwe sawa na ile iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye jina, au ana idhini ya maandishi. Ndugu zangu mliojifunza kusoma juzi, hapa ndipo kisomo kinapolipa. Asiyesoma hununua gari la mtu mwingine.

GAWA FEDHA KABLA YA KUNUNUA

Kosa letu kubwa mimi na kaka halikuwa ile rangi ya kijani. Kosa letu lilikuwa kumaliza fedha yote kwenye bei. Hata lingekuwa gari zuri, tungekwama.

Nawashauri ndugu wa Magu wagawe hivi. Katika kila shilingi 10, shilingi 6 ziwe za kununua gari. Shilingi 2 ziwe za matengenezo ya kwanza, tairi, bima na karatasi. Shilingi 2 za mwisho ziwe za mafuta, chakula, malazi na dharura. Kama gari wanalolipenda linakula shilingi 8 au 9, basi gari hilo si la bei nafuu kwao. Watafute lenye bei ya chini, au wasubiri msimu mmoja zaidi. Kusubiri si aibu. Ziwa haliondoki.

Tena waandike mapatano yao mapema. Gari litakuwa jina la nani? Safari ikiisha, litauzwa au litafanya kazi kijijini? Likiuzwa, fedha itagawanywaje? Watatu hawa sasa ni marafiki. Nataka warudi wakiwa marafiki. Wawashirikishe na wake zao kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, kwa maana jasho ni la wote.

KARATASI ZA MPAKANI

Gari zima lenye karatasi mbovu ni sawa na gari bovu. Hakikisheni mnazo hizi: kadi ya gari, leseni ya dereva, na pasipoti au hati ya kusafiria ya kila mtu. Kama gari lina jina la mmoja, wengine wawe na barua yake ya idhini endapo wataliendesha. Mpakani mtapata kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda. Kitunzeni mpaka mtoke. Msipitishe tarehe iliyoandikwa.

Kuna kadi mbili ambazo watu huzichanganya, kwa kuwa zote mbili huitwa za njano. Moja ni kadi ya bima ya COMESA, ambayo ni bima ya gari nje ya nchi. Tanzania imo katika mpango huo wa bima. Ya pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo ni ya mtu. Bima ya gari haimkingi mtu na mbu. Mhitaji zote mbili.

KABLA YA KUONDOKA

Baada ya kulinunua gari, msiondoke kesho yake. Badilisheni oili, chujio na plagi. Kisha fanyeni safari ya majaribio, kwa mfano Magu mpaka Bunda na kurudi. Bebeni mzigo ule ule mtakaoubeba safarini. Likiwa na ugonjwa, ni afadhali liuguze karibu na nyumbani.

Chukueni vitu vichache: jeki, spana, tairi la akiba lenye upepo, fenibelti, plagi, fyuzi, waya, kamba ya kuvutia, tochi, kizima moto, pembetatu za kuonya na sanduku la huduma ya kwanza. Bebeni maji ya kunywa, na dumu la maji ya rejeta. Msirundike mizigo juu ya paa. Mzigo wa juu hulipindua gari kwenye kona, kama mtu aliyebeba mtungi na kukimbia.

Msiendeshe usiku. Usiku kuna ng'ombe barabarani, kuna baiskeli zisizo na taa, kuna magari mabovu yaliyoachwa katikati ya njia. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazameni oili, maji, breki na tairi. Ni kazi ya dakika kumi. Mkulima hafungi jozi ya maksai bila kutazama shingo zao.

JIBU LANGU

Basi, ndugu zangu watatu wa Magu, jibu langu ni hili. Nunueni gari dogo la kawaida, la aina inayojulikana na mafundi kutoka Mwanza mpaka Kampala. Bei yake isizidi shilingi 6 katika kila 10 mlizo nazo. Likaguliwe na fundi wenu, asubuhi, kwa nyundo. Ndugu aliyetaka gari kubwa asione ameshindwa. Nguvu anayoitaka itapatikana katika fedha itakayobaki mfukoni.

Nilipomaliza kuiandika makala hii nilimsomea kaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama ile nyundo yangu ndogo ya kupigia misumari bado ipo. Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi msimu ujao tutafute hilo gari dogo. Lakini safari hii nitalala chini mimi mwenyewe."

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini gari la magurudumu manne halikuwa la lazima kwa safari ya kulizunguka ziwa?

2. Gari linakwenda kilometa 10 kwa lita moja. Litatumia lita ngapi kwa kilometa 1,800?

3. Watu watatu wana jumla ya shilingi milioni 15. Kwa mgawo wa makala hii, bei ya gari isizidi shilingi ngapi?

4. Tazama tairi la gari, trekta au pikipiki lililo karibu nawe. Soma namba nne za ubavuni. Je, lilitengenezwa lini?